Harufu ya Kuku, Kodi ya Pango: Kinachofichwa na Pingamizi Dhidi ya Migahawa ya Matawi

Hampstead, mtaa wa matajiri ulio kilimani kaskazini mwa London, uliizuia McDonald's kwa takriban miaka 12. Mgahawa ulifunguliwa hatimaye mwaka 1993, ukafanya biashara miaka 20, ukafungwa 2013. Katika mtaa huohuo duka la kwanza la sandwichi lenye jina la Pret A Manger lilikuwa limefunguliwa 1983, na mwaka 2005 kampuni ya mikate ya Gail's ilifungua duka lake la kwanza kwenye barabara kuu ya Hampstead. Leo Pret ina mamia ya maduka na Gail's imevuka mia moja. Hakuna hata moja kati ya hizo mbili iliyopigwa vita vya miaka 12. McDonald's yenyewe ilinunua takriban theluthi moja ya hisa za Pret mwaka 2001 na kukaa nazo hadi 2008.

Kwa hiyo si kweli kwamba Hampstead ilikataa kampuni zenye matawi. Ilikataa aina moja ya kampuni hizo: inayouza chakula cha bei ya chini, kinacholiwa kwa mikono, hadi usiku, na kinachowaleta mtaani vijana na wapita njia wasioishi hapo. Hilo ni suala la tabaka na limesemwa mara nyingi. Lisilosemwa vya kutosha ni namna sheria ya mipango miji ya Uingereza inavyolificha, na jinsi, katika kulificha, inavyofukia pia malalamiko ya haki ya wafanyabiashara wadogo. Dharau ya ladha na kilio cha kodi ya pango vyote hulazimika kuvaa vazi moja la harufu, kelele na taka. Vikishalivaa, diwani anayepiga kura hawezi tena kuvitofautisha.

Tazama utaratibu wenyewe. Ombi likifika halmashauri, majirani hupewa siku 21 za kutoa maoni, na maafisa huwa na wiki 8 za kuamua ombi la kawaida. Pingamizi huhesabiwa likigusa jambo linalotambuliwa na sheria ya mipango: kelele, harufu, taka, msongamano wa magari, saa za kufungua, mwonekano wa jengo, na katika eneo la hifadhi ya majengo, hadhi ya eneo lenyewe. Yasiyohesabiwa ni ushindani wa kibiashara, kushuka kwa bei ya nyumba yako, na jina la mwenye duka. Kibali hufuata ardhi, hakimfuati mtu. Barua 300 zinazosema "hatuitaki McDonald's" hupokelewa na kuwekwa kando. Barua moja inayoonyesha kwamba bomba la moshi litatokea mita 4 kutoka dirisha la chumba cha kulala huzipiku zote 300.

Hapo ndipo tabaka linapoingia kwa mara ya kwanza, kabla hata ya ladha. Mtaa wenye wanasheria, wasanifu majengo na wastaafu wenye muda hujua kuandika barua ile moja. Mtaa wa watu wanaofanya kazi za zamu huandika zile 300, au hauandiki kabisa. Na baada ya uamuzi mizani huinamia upande mwingine: mwombaji aliyekataliwa anaweza kukata rufaa ndani ya miezi 6, ilhali jirani asiyeridhika hana rufaa, ana mahakama tu, ndani ya wiki 6, kwa gharama yake. Halmashauri ikikataa bila sababu inayosimama inaweza kuamriwa kulipa gharama za mwombaji. Kampuni kubwa huijua hatari hiyo na huitumia. Mwenye duka moja la kuku hana fedha za rufaa.

Harufu inastahili kuchunguzwa kwa makini, maana ni hoja inayotumika sana na ina hesabu yake. Mwaka 2005 wizara ya mazingira ya Uingereza, Defra, ilitoa mwongozo wa kudhibiti harufu na kelele za majiko ya biashara. Serikali iliuondoa baadaye, lakini jedwali lake la alama liliendelea kunukuliwa katika ripoti za wataalamu. Mambo manne hupewa alama. La kwanza ni mtawanyo wa moshi: alama 20 bomba likitokea chini au kwenye ua uliozungukwa na kuta, 15 likiwa chini ya ukingo wa paa, 10 likiwa mita 1 juu ya ukingo huo, na 5 likiwa mita 1 juu ya kilele cha paa huku hewa ikitoka kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde. La pili ni umbali wa jirani: alama 10 akiwa chini ya mita 20, 5 hadi mita 100, 1 zaidi ya hapo. La tatu ni ukubwa wa jiko: 5, 3 au 1. La nne ni aina ya upishi: alama 10 kwa kuku wa kukaanga, baga na samaki na chipsi; 7 kwa kebabu na vyakula vya Kivietinamu, Kithai na Kihindi; 4 kwa Kichina na Kijapani; 1 kwa Kiitaliano, Kifaransa, piza na nyama ya steki. Jumla chini ya 20 huhitaji udhibiti wa kawaida, 20 hadi 35 udhibiti wa juu, na zaidi ya 35 udhibiti wa juu kabisa.

Msomaji mwepesi ataona hapo ngazi ya matabaka iliyoandikwa kwa tarakimu, Mfaransa na Mwitaliano wakiwa wamepewa alama 1. Kuna ukweli ndani yake, ila si wote. Mafuta ya kukaangia kwa wingi hutoa mvuke wa grisi unaoshika kutani kuliko tambi zinazochemshwa, na hilo halitegemei anayekula ni nani. Nyama ya steki iliyochomwa juu ya makaa kupata alama 1, hata hivyo, ni hukumu ambayo pua haiwezi kuikubali. Lakini jambo kubwa zaidi liko kwingine. Fanya hesabu ya duka dogo la kuku ambalo bomba lake liko chini ya ukingo wa paa na jirani yuko chini ya mita 20: 15 + 10 + 1 + 10 = 36, udhibiti wa juu kabisa. Weka mgahawa mdogo wa Kiitaliano kwenye chumba hichohicho: 15 + 10 + 1 + 1 = 27. Sasa mrudishe kuku, ila pandisha bomba hadi juu ya kilele cha paa: 5 + 10 + 1 + 10 = 26. Kuku ameshuka chini ya Mwitaliano. Bomba linaweza kuhamisha alama 15, menyu huhamisha 9. Anayejali harufu kweli ataulizia bomba kwanza.

Hapa ndipo mwenye duka dogo hukwama. Kupandisha bomba kunahitaji ruhusa ya mwenye jengo, mara nyingi pia ya wapangaji wa ghorofani, na kibali cha mipango kwa sababu bomba hubadilisha sura ya jengo. Katika eneo la hifadhi, bomba la chuma linalopanda ukuta wa nyuma hukataliwa kwa sababu ya mwonekano. Linabaki chini, alama zinabaki 36, na duka linakataliwa kwa sababu ya harufu. Njia ya kati ipo: vichujio vya grisi juu ya jiko, kisha mtambo wa kunasa chembe za moshi kwa umeme, kisha vichujio vya kaboni, vyote ndani ya dari. Inafanya kazi iwapo grisi inanaswa kabla ya kufika kwenye kaboni. Ikifika, kaboni huzibwa mapema, feni hushindwa kusukuma hewa ya kutosha, na harufu inarudi palepale kwa majirani. Mwenye duka asiye na mkataba wa matengenezo huishia hapo, na kampuni kubwa iliyolipia mkataba huo inaonekana safi kuliko yeye. Ndiyo maana masharti makali ya harufu, yaliyodaiwa mara nyingi na watu wanaosema wanalinda biashara ndogo, huishia kuipa nafasi kampuni ile ile waliyoiogopa.

Kisha kuna makundi ya matumizi ya majengo. Kanuni za 1987 ziliweka chakula na vinywaji chini ya kundi A3. Mwaka 2005 duka la chakula cha moto cha kufungashiwa lilitengwa kuwa kundi lake, A5. Septemba 2020 maduka, mikahawa, migahawa na ofisi viliunganishwa katika kundi moja pana, E, huku duka la chakula cha kufungashiwa likiachwa nje, peke yake. Maana yake ni hii: duka la viatu linaweza kugeuka mkahawa wa mikate ya sourdough, ile ya chachu ya asili, bila kuomba kibali cha matumizi, na majirani hawana cha kupinga isipokuwa kibao, uso wa duka na mitambo ya nje. Duka hilohilo likitaka kuuza kuku wa kukaanga wa kufungashiwa, lazima liombe, lisikilizwe, lipingwe. Hakuna aliyeandika neno tabaka popote katika kanuni hizo. Hata hivyo mstari umepita kati ya chakula cha kuliwa umeketi na cha kubebwa, na wanaobeba ni wasio na muda au fedha za kukaa.

Walthamstow, kaskazini-mashariki mwa London, ina pande zote mbili za mstari huo. Halmashauri yake, Waltham Forest, ilikuwa miongoni mwa za kwanza nchini, mwaka 2009, kuzuia maduka mapya ya chakula cha kufungashiwa ndani ya mita 400 kutoka shuleni. Mwaka uliofuata, katika kesi iliyohusu duka karibu na shule huko Tower Hamlets, Mahakama Kuu iliamua kwamba ulaji wa afya wa wanafunzi ni jambo linaloweza kuzingatiwa katika mipango miji. Mpango wa London wa 2021 ukaifanya mita 400 kuwa sera ya jiji zima, na sera ya taifa ya Desemba 2024 ikazitaka halmashauri kukataa maduka hayo yakiwa ndani ya umbali wa kutembea kutoka shule, nje ya maeneo yaliyotengwa kuwa vituo vya mji. Chora duara la mita 400 kuzunguka kila shule katika mitaa iliyosongamana ya London na karibu ramani nzima itajaa. Na kizuizi hakiondoi hata duka moja lililopo. Kinamlinda aliyetangulia dhidi ya mgeni.

Agosti 2024 Walthamstow ileile ilisaini waraka wa pingamizi wenye saini zaidi ya elfu moja dhidi ya Gail's. Safari hii hakukuwa na kuku wala mafuta. Kulikuwa na croissant, kahawa na bei ya juu. Wapinzani walitaja maduka madogo ya mtaa wao na siasa za mmoja wa wawekezaji wa kampuni. Wachambuzi wengi waliwacheka kuwa ni watu wa tabaka la kati wanaogombana na kioo. Kicheko hicho kilikosea. Sehemu ya hofu ile ilikuwa na mantiki ya fedha ambayo sheria ya mipango imekatazwa kuisikia.

Mantiki yenyewe ni hii. Katika mkataba wa pango la duka wa muda mrefu, kwa mfano wa miaka 10 au 15, kodi kwa kawaida hupitiwa kila baada ya miaka 5, kwa sharti kwamba inaweza kupanda au kubaki ilipo, kamwe haishuki. Mthamini anayepitia kodi huangalia mikataba mipya ya jirani. Hugawa duka kwa kanda kuanzia dirishani: mita 6.1 za kwanza huhesabiwa kwa bei kamili, 6.1 zinazofuata kwa nusu, zinazofuata kwa robo. Tuseme mkahawa wa upana wa mita 5 na kina cha mita 12.2. Ukanda wa kwanza ni mita za mraba 30.5, wa pili ni 30.5 zinazohesabiwa kama 15.25, jumla 45.75. Kwa bei ya pauni 600 kwa mita ya mraba, kodi ni pauni 27,450 kwa mwaka. Kampuni yenye matawi mia ikisaini mlango wa pili kwa pauni 750, mthamini ana ushahidi mpya, na kwenye mapitio yanayofuata mkahawa unatakiwa kulipa takriban 34,300. Ikiwa kila kikombe kinamwachia mwenye mkahawa faida ya pauni 1, anahitaji kuuza vikombe karibu 6,900 zaidi kwa mwaka, zaidi ya 20 kila siku ya kazi, bila meza hata moja kuongezeka. Kampuni mpya haihitaji kumnyang'anya mteja hata mmoja ili kumwumiza.

Mwenye jengo naye ana sababu zake. Kodi inayolipwa na kampuni yenye dhamana ya kundi zima hupandisha thamani ya jengo mbele ya benki, hata kama kiasi ni kilekile anachotoa mama mwenye mkahawa mmoja. Kodi ya biashara inayolipwa halmashauri huongeza mzigo, kwa kuwa thamani yake hukadiriwa kwa kutazama pango za eneo na sasa hupitiwa kila miaka 3. Mwenye duka moja tu, ambalo pango lake la mwaka limekadiriwa kuwa lisilozidi pauni 12,000, husamehewa yote, na msamaha hupungua hadi kwisha kwenye 15,000. Pango za jirani zikisukuma thamani ya kibanda kidogo juu ya mstari huo, anayepoteza hakushiriki mazungumzo yoyote.

Sasa mwenye mkahawa huyu akienda kwenye kikao cha halmashauri na hesabu hiyo, ataambiwa ushindani na pango si mambo ya mipango miji. Atashauriwa aandike kuhusu magari ya kushusha mizigo na hadhi ya eneo. Ataandika hivyo, na barua yake itaonekana kama ile ya jirani mwenye nyumba ya pauni milioni 2 anayechukia karatasi za baga mbele ya geti lake. Totnes, mji mdogo wa Devon wenye watu wapatao 8,000, uliishinda Costa, kampuni ya mikahawa yenye matawi mengi, mwaka 2012 nje ya utaratibu huo: halmashauri ilikwisha kutoa kibali Agosti, na kampuni ikajiondoa yenyewe Oktoba kwa shinikizo la umma. Njia hiyo inahitaji mji wenye jina na vyombo vya habari vya kuusikiliza. Hakuna mtaa wa wapangaji wa halmashauri unaoweza kuitegemea.

San Francisco ilichagua kusema wazi. Sheria yake ya 2004, iliyotanuliwa kwa kura ya Proposition G mwaka 2006, inaitambua kampuni yenye matawi kwa idadi, maduka mengine 11 au zaidi, pamoja na alama za kufanana kama vile sare, kibao, mapambo na bidhaa. Ikifikia kiwango hicho inahitaji kibali maalumu katika mitaa ya biashara, na katika baadhi, kama Hayes Valley na North Beach, haikubaliwi. Faida yake ni kwamba mjadala unafanyika juu ya jambo lenyewe, na kampuni ya mikate ya kifahari hupimwa kwa rula ileile ya kampuni ya kuku. Kasoro yake ni kwamba haigusi pango. Mwenye jengo anaweza kuacha chumba kitupu akingoja, na duka la mtu mmoja linalouza shati la dola 200 linapita bila kuulizwa.

Los Angeles ilijaribu kinyume chake, tena katika mitaa ya watu maskini. Mwaka 2008 baraza la jiji lilizuia migahawa mipya ya chakula cha haraka katika eneo la Los Angeles Kusini, takriban kilomita za mraba 83, kwa lengo la kupunguza unene. Utafiti wa taasisi ya RAND uliotolewa 2015 ulikuta kwamba unene uliendelea kuongezeka katika eneo hilo, tena zaidi ya sehemu nyingine za kaunti. Sababu ilikuwa katika maandishi ya sheria: iligusa majengo yanayosimama peke yake, si vyumba ndani ya maduka ya pamoja, na sehemu nyingi mpya za kuuza chakula zilikuwa maduka madogo ya kona ambayo hayakuguswa. Watu wa pale hawakupewa mboga mbichi kwa bei nafuu. Walinyimwa tu jengo jipya lenye kibao kikubwa.

Afrika Mashariki inaonyesha kwamba tabaka halimo ndani ya kuku. KFC iliingia Nairobi Agosti 2011 kwenye jengo la maduka la Junction, na huko kula KFC kulikuwa jambo la wenye gari. Januari 2022 ilipokosa chipsi, Wakenya walikasirika kwa sababu viazi vilikuwa vikiagizwa kutoka nje wakati wakulima wa nyumbani wanavyo tele. Hakuna aliyelalamikia harufu. Dar es Salaam, wakati wa kuwaondoa machinga mwishoni mwa 2021, walioambiwa wanachafua mandhari ya jiji walikuwa wenye meza na majiko ya mkaa. Migahawa ya kimataifa ilibaki ndani ya vioo vyake. Popote, lugha ya usafi humfuata anayelisha watu wasio na fedha.

Na hao wanaolishwa wanastahili kutajwa kwa heshima katika vikao hivi, jambo ambalo karibu halifanyiki. Duka la kuku la London ni mahali ambapo kijana wa miaka 14 mwenye pauni 3 anaweza kukaa kwenye joto baada ya shule bila kufukuzwa. Ni chakula cha jioni cha mhudumu wa wagonjwa anayetoka zamu usiku wa manane. McDonald's ina choo, na mzee anaweza kukaa na chai moja saa nzima. Kuviondoa bila kuweka kingine ni hasara halisi, na haipati hata mstari mmoja katika ripoti ya afisa.

Kuna swali moja linalotenganisha pingamizi la haki na la dharau, na diwani yeyote anaweza kuliuliza kikaoni: ni sharti gani likiwekwa utaridhika? Anayesumbuliwa na harufu atataja bomba juu ya kilele cha paa na kumbukumbu za kubadilisha vichujio. Anayesumbuliwa na kelele atataja kufunga saa 5 usiku na pikipiki za kupeleka vyakula kuegesha upande wa pili. Anayesumbuliwa na taka atataja mapipa, na wafanyakazi kuokota mita 50 kila upande mara tatu kwa siku. Yote haya yanaweza kuandikwa kwenye kibali na kusimamiwa. Asiyeweza kutaja sharti lolote anapinga watu.

Anayesumbuliwa na pango atataja jambo ambalo halmashauri haina mamlaka nalo. Mswada uliowasilishwa katika Bunge la Uingereza Julai 2025 ulipendekeza kupiga marufuku mapitio ya kodi yanayopanda tu katika mikataba ya biashara ya England na Wales. Ni hatua inayogusa kiini kuliko waraka wowote wa saini uliowahi kupelekwa dhidi ya mgahawa, na wanaopigania maduka madogo wangepaswa kumwandikia mbunge wao kuhusu huo kabla ya kumwandikia afisa wa mipango kuhusu kibao. Udhaifu wake ni kwamba umelenga mikataba mipya. Mwenye mkahawa aliyesaini miaka 15 mwaka 2022 atabaki na sharti la zamani hadi 2037.